Kikao si kosa: barua ya wazi kwa maseneta wa Burundi

Waheshimiwa Maseneta,

Barua ya wazi kwa kawaida huwa na jina la mwandishi chini yake. Hii haina, na nadhani mkifika mwisho mtakuwa mmeelewa sababu bila mimi kuieleza. Yatosha mjue kwamba nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndiyo maana nawaandikia kwa Kiswahili, na kwamba mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea kuendesha chumba cha vitabu mjini Bujumbura. Ni chumba cha kusomea na kukaa, kwa watu wazima ambao sheria ya nchi huwaita wahalifu kwa sababu ya wale wanaowapenda. Aliye chini ya miaka 18 haingii. Hilo tuliliamua mwanzo kabisa.

Nawaandikia nyinyi, si Bunge la Taifa wala Ikulu, kwa sababu baraza lenu liliwahi kuipigia kura sheria hiyo, na likasema hapana.

Ni kisa ambacho vijana wengi wa leo hawakukisikia. Novemba 2008 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kanuni mpya ya adhabu. Mlikuwa na mema mengi ndani yake: adhabu ya kifo ilifutwa, kutesa watu kukaandikwa kuwa kosa la jinai, na wabakaji wakaongezewa adhabu. Katikati ya mema hayo kilichomekwa kifungu cha kuwafunga watu wa jinsia moja wanaolala pamoja. Mswada ulipofika Seneti, tarehe 17 Februari 2009, maseneta 36 kati ya 43 walikikataa. Tarehe 6 Machi chama tawala kikaita maandamano hapa Bujumbura, maelfu wakatembea barabarani kukidai. Bunge likakirudisha, na tarehe 22 Aprili Rais Pierre Nkurunziza akatia saini. Kikawa kifungu cha 567: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, au faini ya faranga 50,000 hadi 100,000, au vyote viwili. Kanuni ilipoandikwa upya Desemba 2017 kikahamia namba 590, adhabu ikabaki ileile.

Tangu bendera yetu ipandishwe, tarehe 1 Julai 1962, hadi siku ile ya Aprili, Burundi haikuwa na kosa hilo katika vitabu vyake. Tulikuwa na mila zetu, makanisa yetu, misikiti yetu ya Buyenzi na Bwiza, wazee wetu wa kuhukumu ugomvi, na hakuna aliyeona haja ya jela. Kwa hiyo ninaposikia kwamba kifungu hiki ni urithi wa mababu, nahesabu miaka na kuona kwamba mtoto aliyezaliwa siku sheria ilipotiwa saini alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi wakati wa uchaguzi wa 2020.

Kuna sababu ya pili ya kuwaandikia nyinyi. Seneti ya leo ni mtoto wa mazungumzo ya amani ya Arusha. Mwalimu Nyerere aliyasimamia mazungumzo yale hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akayapokea, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Humo ndimo ilimotoka Seneti yenye Wahutu na Watutsi kwa idadi sawa, na Watwa watatu wanaoongezwa ili wasimezwe. Nchi iliyokuwa imezika watu wake kwa miaka mingi ilikubali kwamba wingi pekee hauwezi kuwa sheria, na kwamba walio wachache wanahitaji ukumbi ambamo hawashindwi kwa kuhesabiwa tu. Viti mnavyokalia vilichongwa kwa wazo hilo. Mikoa imepunguzwa kutoka 18 hadi 5, mpangilio umebadilika, lakini wazo halikufutwa.

Sasa niwaeleze chumba chetu, maana naamini wengi wenu mmeelezwa mambo mengine kabisa.

Ni chumba kimoja chenye ua mdogo nyuma. Kuna rafu za mbao, meza mbili, viti vya plastiki na mkeka. Vitabu vingi ni vya Kifaransa, kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana mjini: vya wageni waliohama katika machafuko ya mwaka 2015 wakaacha maboksi, vya ofisi zilizofungwa, vya marehemu ambao watoto wao hawakuvihitaji. Vya Kiswahili huja kutoka Kigoma na Dar es Salaam ndani ya mabegi ya wafanyabiashara, katikati ya vitenge. Tunayo *Petit pays* ya Gaël Faye, ambayo haikai rafuni hata siku mbili kwa kuwa kila msomaji anataka kutafuta mtaa wake humo. Tunayo *Baho!* ya Roland Rugero. Tunayo *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ikapigwa marufuku Tanzania, kisha ikaja kusomeshwa madarasani. Na tunayo fotokopi ya "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, hadithi ya wasichana wawili wa Kampala wanaopendana, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Iko kwa Kiingereza, na wasiokijua husomewa na wenzao, sentensi kwa sentensi, kwa Kirundi au Kiswahili, kila mmoja akisahihisha tafsiri ya mwenzake mpaka hadithi ya kurasa chache inamaliza mchana mzima.

Lakini kinachoazimwa zaidi ya vyote ni kitabu cha kujifunza Kiingereza. Baada yake ni mwongozo wa ushonaji, halafu vitabu vya uhasibu. Najua taarifa hii itawavunja moyo waliotarajia mengine. Mazungumzo ya uani nayo ni hivyohivyo: kodi ya nyumba, bei ya mchele, timu ya Vital'O imefungwa na nani, mama ya fulani anaumwa, nani amepata kazi na nani ameipoteza baada ya bosi kusikia uvumi. Mara nyingine mtu huja, asiguse kitabu, akae tu saa mbili kwenye kiti akinywa chai. Mwanzoni tulimsumbua kwa kumpendekezea vitabu. Baadaye tukaacha. Huko atokako, kuanzia asubuhi, amekuwa akipima sauti yake, mwendo wake, na jibu lake pale shangazi anapouliza ataoa lini. Kwetu anapumzika kazi hiyo.

Vitabu vyote vimefungwa karatasi ya kaki kama madaftari ya wanafunzi, ili mtu akipanda basi na kimoja asiulizwe. Siku hizi mabasi yenyewe ni ya kubahatisha kwa uhaba wa mafuta, na wenzetu wa Kanyosha na Kinama hutembea kwa miguu kuja zamu, wanafika viatu vimejaa vumbi, wanaanza kwa kufagia. Hakuna anayelipwa. Kodi huchangwa. Mwenye cherehani huleta kidogo, mwenye mshahara huleta zaidi, asiye na kitu hubandika majalada yaliyochanika, na kazi ya gundi haijawahi kwisha.

Kazi ngumu kuliko zote katika maktaba kama yetu ni daftari la kuazima. Maktaba bila kumbukumbu hufa, kwa sababu vitabu haviwezi kurudi kama hujui viko kwa nani. Na kumbukumbu yenye majina, katika nchi yenye kifungu cha 590, ni hati ya kukamatia watu. Tulilifikiria sana. Mwishowe kila msomaji akajichagulia samaki wa ziwa letu. Daftari likawa linasomeka: Mukeke, kitabu cha 14, Sangala, cha 31, Kuhe amerudisha. Ndagala walikuwa wawili, ikabidi mmoja ahame. Mtu angelikuta angedhani ni hesabu ya muuza samaki pale ufukweni, na pengine angetukopesha barafu. Samaki walipokwisha tulibuni kitu kingine, na sasa tunatumia kingine tena, ndiyo maana naweza kuwasimulia.

Mtalinganisha wenyewe na daftari la pili, lile la kila nyumba ya Bujumbura, ambamo huandikwa wanaolala humo na wageni wao, na ambalo wakuu wa mtaa na polisi wanaweza kuliomba wakati wowote. Sisemi usalama si kitu. Nimeishi mjini hapa, najua tulikotoka. Nasema tu kwamba katika mji ambao kila mwenye kugonga mlango ni lazima ajulikane, watu wanaogonga mlango wetu hulipa bei kubwa kwa kujulikana. Tumehama zaidi ya mara moja. Mzee mmoja mwenye nyumba, mtu wa heshima aliyetupokea vizuri, alikuja jioni akakaa, akavua kofia, akasema: "Wanangu, mimi sina neno nanyi. Lakini nyumbakumi ameniuliza mara mbili kwa nini wanaume wanaokuja hapa hawaji na wake zao." Tukampa mkono, tukaanza kufunga maboksi. Hatukumlaumu. Mwenye nyumba anayo familia, na hakuna sheria ya kumlinda yeye pia.

Hatukuwa wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwapo kundi la kututetea lililoitwa ARDHO, baadaye likaitwa Humure, na Georges Kanuma akaliongoza kwa jina lake na uso wake, hata pale kifungu cha 567 kilipokuwa kikijadiliwa. Alifariki mwaka 2010. Mwaka huohuo kilifunguliwa hapa Bujumbura kituo cha Remuruka, mahali pa watu kukutana, kupata ushauri na kupima afya. Kanuni ya adhabu ilikuwa na mwaka mmoja tu, na bado kituo kilifungua mlango. Naitaja tarehe hiyo makusudi. Kifungu kiliadhibu tendo, na kwa muda fulani kila mtu, pamoja na dola, alijua kwamba kukaa kitini si tendo hilo.

Hali hiyo imegeuka. Februari 2023 polisi waliingia katika ofisi za MUCO Burundi mjini Gitega, shirika linaloshughulika na Ukimwi, wakakuta semina kuhusu namna watu wanavyoweza kujikwamua kiuchumi. Watu 24 wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la vitendo vya mapenzi ya jinsia moja. Semina ya uchumi, waheshimiwa, mchana, watu wamekaa wanaandika. Kisomeni kifungu cha 590 tena na tena, hamtaona neno kuhusu semina, wala kalamu, wala kiti. Kosa lililoandikwa ni tendo. Kinachoadhibiwa ni kikao.

Kisha ikaja tarehe 29 Desemba 2023, katika mkoa wa Cankuzo, pale Rais Évariste Ndayishimiye aliposema mbele ya waandishi wa habari na wananchi kwamba watu hawa wakipatikana Burundi inafaa wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Mlimsikia, nchi nzima ilimsikia. Kwetu chumba kilifungwa kwa muda. Vitabu viligawanywa kwenye nyumba za watu, vingine vikakaa ndani ya magunia pamoja na mkaa. Wapo walioondoka na kile walichokuwa wakikisoma. Vitabu vyetu vimefika Kigali, vimefika Nairobi, na msomaji mmoja alitutumia picha ya kimoja akiwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akiuliza kama bado anadaiwa. Tulimjibu kwamba muda wake wa kuazima umeongezwa.

Nikiwa bado hapo: kanuni ileile iliyotuletea kifungu hiki mwaka 2009 ndiyo iliyofuta adhabu ya kifo. Jamhuri ilijinyima yenyewe haki ya kumuua hata muuaji aliyehukumiwa. Umati wa uwanjani umepewa wapi haki ambayo Jamhuri haina?

Najua mtakayosema, na mengine yana uzito.

Mtasema vitabu viko kwingine. Ni kweli. Kuna maktaba ya Taasisi ya Kifaransa, kuna vituo vya usomaji, kuna café-littéraire Samandari, ambapo washairi na wapenzi wa fasihi wa mji huu wamekuwa wakikutana. Tunakwenda huko, tena pengine tumekaa kiti cha jirani yenu. Hatukufungua chumba kwa sababu ya upungufu wa rafu. Mwaka 2011 Wizara ya Elimu ilitoa agizo lililoweka ushoga katika orodha ya makosa ya kumfukuza mwanafunzi shule. Aliyekatiwa masomo hivyo, leo ni mtu mzima, na anapotaka kusoma tena haanzii katika ukumbi mkubwa wenye mlinzi mlangoni. Huanzia mahali ambapo hakuna atakayemuuliza aliachia darasa la ngapi na kwa nini.

Mtasema ni kuwatenga watu, kila kundi na chumba chake. Hoja hii naiheshimu kwa sababu ni ya Kirundi hasa, tunajua kutengana kulivyotufanya. Lakini kumbukeni Centre Jeunes Kamenge. Mapadri wa Shirika la Xavier walikifungua mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika mitaa ya kaskazini, na vita ilipopasua Kamenge, Kinama, Cibitoke na Ngagara, kiwanja kile kilikuwa miongoni mwa sehemu chache mno ambapo kijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliweza kushika mpira mmoja. Kiliweza hivyo kwa sababu kilikuwa na ukuta na lango, na ndani ya ukuta hakuna aliyedaiwa kueleza ni nani. Watu walipata nguvu humo ya kurudi nje kuishi na wengine. Chumba chetu hakidai ukubwa ule. Kinadai ukuta na lango.

Na mtasema dini. Mimi ni Mwislamu, na miongoni mwa wanaofagia chumba wapo wanaokwenda misa kila Jumapili. Sikuja kuwaomba mbadili mafundisho ya mtu yeyote. Seneta aliyepiga kura mwaka 2009 hakuombwa asifu mapenzi ya mtu. Aliulizwa kama mtu huyo afungwe jela. Ni swali dogo zaidi, na ni la kazi yenu. Miaka ya 1990 mama mmoja, Jeanne Gapiya-Niyonzima, alisimama kanisani hapa Bujumbura akasema ana virusi vya Ukimwi, wa kwanza nchini kusema hadharani, wakati ambapo ugonjwa ule ulihubiriwa kuwa mshahara wa dhambi. ANSS, shirika alilolianzisha na wenzake, limehudumia watu wengi tangu hapo, wakiwemo wanaume ambao kifungu cha 590 kinawagusa. Imani ya nchi haikuporomoka. Wengi waliosalimika walirudi kwenye viti vyao kanisani.

Mahali pa kuanzia papo karibu. Siku zilezile za Februari 2023 ambapo watu wa Gitega walikuwa wakiingizwa mahabusu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu yake katika kesi ya Eric Gitari, aliyenyimwa tangu 2013 kusajili shirika la kutetea haki za watu wa LGBT. Majaji watatu kati ya watano, tarehe 24, walisema kumnyima kulikuwa ubaguzi. Kenya bado ina vifungu vyake vya jinai vya zama za Waingereza. Majaji hawakuvifuta, wala hawakuombwa. Walichosema ni kwamba sheria inayokataza tendo haiwezi kunyooshwa mpaka ikataze watu kukusanyika. Sisi na Kenya tuko katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki tangu 2007. Rwanda, jirani wa karibu kuliko wote, haina kosa hili katika kanuni yake ya adhabu hata kidogo, na ndiko wenzetu wengi walikokimbilia.

Ninachoomba, basi. Kwanza mumuite Waziri wa Sheria, kama baraza linavyowaita mawaziri kwa mambo mengine, mumuulize ni kifungu gani kinachokataza watu wazima kukaa chumbani wakisoma, au kuhudhuria semina, na jibu lake litolewe kwa maandishi ili polisi wa zoni na wakuu wa mitaa walione. Mwenye nyumba yule mzee naye alione. Pili mseme, kama baraza, kwamba kumpiga mtu mawe ni kuua, na kwamba kuua kumeandikwa katika kanuni ya adhabu bila kuwabagua wanaouawa. Sidhani kama sentensi hiyo inahitaji kamati.

Tatu ndilo kubwa, na sitarajii liishe mwaka huu: kifungu cha 590 kirudi mezani. Hamtakuwa mnaanzisha jambo geni wala la kuletwa na wafadhili. Waliolianzisha walikaa mnapokaa nyinyi, wakaulizwa, na 36 wakasema hapana. Kumbukumbu za kikao kile cha 17 Februari 2009 bila shaka mnazo. Zisomwe tena ukumbini, kwa sauti, mbele ya waandishi wa habari.

Wenu kwa heshima,

Mkutubi wa kujitolea, Bujumbura